Ngazi ya Kushuka

Toledo, Ohio, mwezi wa pili.
Manispaa imemwaga chumvi barabarani
theluji isigande,
na Roscoe Gaither, aliyekula chumvi miaka sabini na mitatu,
anaikanyaga kwa viatu vya ngozi ya mamba
vilivyolika visigino.

Studio ilikuwa duka la matairi.
Ukivuta pumzi kwa nguvu bado unanusa mpira.
Hapa ndipo, mwaka sabini na moja,
alipoimba wimbo ule mmoja
uliomnunulia mama yake nyumba
na kumkimbiza mke wa kwanza.
Baadaye zikaja mashine:
ngoma zisizo na mpiga ngoma,
sauti iliyopigwa pasi hadi ikakosa makunyanzi,
albamu tatu ambazo hata binti yake
huzitaja kama mtu anavyotaja ugonjwa wa ukoo.

Leo amesema basi.
Nataka gitaa lenye nyuzi zinazokwaruza.
Nataka tarumbeta mbili, watu wawili, mate ya kweli.
Nataka tepu izunguke,
na ikiisha, imeisha.

Mimi ndiye ninayeizungusha.
Baba yangu alipiga ngoma kwenye wimbo ule.
Kigoda chake kimezongwa utepe mweusi,
na anayekikalia leo ni kijana
ambaye siku ya mazishi hakuwa amezaliwa.
Nilimwambia akipandishe kidogo, ana miguu mirefu.
Akakataa. Akapiga hivyo hivyo,
magoti yakikaribia kidevu.

Earlene Mabry wa kinanda
ana miwani mbili: ya noti, na ya watu.
Alivaa ile ya watu,
akamtazama Roscoe akisafisha koo,
kisha, bila kumwambia yeyote,
akaushusha wimbo ngazi mbili.
Bendi ikamfuata kimya
kama watoto wanaomfuata mama dukani.

Mara ya kwanza hakujua.
Mara ya pili akakunja uso.
Ya tatu akanyamaza katikati ya kiitikio.
"Earlene. Huu si wimbo wangu."
"Ni wako," akajibu. "Wewe ndiye si yule."

Akatoka bila koti.
Dirishani tulimwona amesimama juu ya chumvi,
mvuke ukimtoka
kama buli lililosahauliwa jikoni.
Mpiga tarumbeta mmoja akala sandwichi yake.
Nikakadiria tepu iliyobaki: dakika nne, labda pungufu.

Alirudi na theluji kwenye nyusi.
Hakuomba radhi, wala hakuombwa.
Aliegemea kinanda, akasema polepole,
kama mtu anayeuliza bei ya kitu
ambacho hana hakika anakimudu:
"Shusha tena. Nusu."

Tukaingia chini.
Kule chini kulikuwa na chumba
ambacho ujanani hakuwahi kukifungua,
kwa haraka yake ya kupanda.
Neno "mpenzi", alilolirusha zamani kama kofia hewani,
sasa alilishika kwa mikono miwili
akaliweka sakafuni taratibu, lisivunjike.
Nyuzi zikakwaruza. Mate yakagonga shaba.
Kijana akachelewa pigo moja,
kwa makusudi au kwa woga, sijui,
na katika upenyo ule mdogo nilimsikia baba,
au labda ni kigoda kilicholia.

Tepu ikaisha kabla ya wimbo.
Ncha yake ikawa inachapa: pa, pa, pa,
na mimi, ambaye kazi yangu ni kuizima,
sikunyanyuka.

"Imeingia?" Roscoe akauliza.
Nikamwambia imeingia yote,
ila mstari wa mwisho.
Akafikiri. Akatafuta mkono wa koti,
akaukosa, akautafuta tena.
"Huo," akasema, "watu wanaujua."